Utafiti wa Elimu Unampa Nini Mwalimu wa Kiingereza? Mtazamo Kutoka Darasa la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matokeo ya utafiti wa kielimu kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya ziada, na kuyapima kwa hali ya mwanafunzi wa Kenya. Inashikiliwa kwamba faida kuu ambayo mwalimu anaipata katika utafiti huo si orodha ya mbinu, bali ni ushahidi kuwa lugha anazokuja nazo mtoto shuleni ni mtaji wa kujifunzia Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili ni mshirika wa mwalimu wa Kiingereza, hata kama wawili hao hawajawahi kuketi pamoja wakapanga kazi. Aidha, makala yanaonyesha ni wapi utafiti uliofanyiwa Toronto au Sydney haumfai mwalimu wa Kitui au Kwale mpaka urekebishwe kwanza.

Utangulizi

Rafu za idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya zimejaa tasnifu zenye anwani zinazokaribiana: athari za lugha fulani ya kwanza katika kujifunza Kiswahili. Jina la lugha hubadilika na eneo la utafiti hubadilika, ila matokeo hutabirika. Mwanafunzi hutamka visivyo sauti fulani, huvuruga upatanisho wa kisarufi, na lawama huishia kwa lugha ya mama. Katika idara za Kiingereza nako ipo rafu ya namna hiyo, tofauti ikiwa kwamba huko Kiswahili ndicho mshtakiwa. Lugha ileile inayohurumiwa katika jengo moja kama iliyoathiriwa hushtakiwa katika jengo la pili kama iliyoathiri.

Tasnifu hizo hazikosi faida. Hata hivyo, swali ambalo halijaulizwa vya kutosha katika jengo lolote kati ya hayo mawili ni hili: makosa yakishaorodheshwa, mwalimu anayeingia darasani kesho afanye nini? Ni swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Wengi wao watakuwa walimu, na watakaa katika chumba kimoja cha walimu na wenzao wa Kiingereza, wakifundisha watoto walewale.

Istilahi "lugha ya ziada" inahitaji maelezo mafupi. Imeenea zaidi nchini Uingereza, ambako takriban mwanafunzi mmoja kati ya kila watano katika shule za England huhesabiwa kuwa anajifunza Kiingereza kwa namna hiyo. Ilipendelewa kuliko "lugha ya pili" kwa sababu mtoto anaweza kuwa na lugha mbili au tatu tayari, na kwa sababu neno "ziada" linadokeza kuongeza badala ya kubadilisha. Kwa hali ya Kenya istilahi hii inafaa pengine kuliko inavyofaa kule ilikotoka. Mtoto wa Kitui huanza na Kikamba, akakutana na Kiswahili, kisha Kiingereza. Mtoto wa Kwale huanza na Kidigo. Kwa wote wawili Kiingereza ni lugha ya tatu, na ni lugha ambayo kwa kawaida huisikia zaidi shuleni kuliko kwingineko.

Kosa kama hatia na kosa kama habari

Mtazamo ulioongoza tasnifu zilizotajwa ulitiwa nguvu na Robert Lado (1957), aliyeshikilia kwamba kwa kulinganisha lugha mbili mtaalamu anaweza kutabiri ni wapi mwanafunzi atapata ugumu. Mifano ya Kiswahili inaonekana kumuunga mkono. Kiswahili hutumia kitenzi "azima" kwa anayetoa na kwa anayepokea, na mwanafunzi husema "borrow me your pen". Kiambishi "a-" hakibainishi jinsia, na mama katika insha ya Kiingereza huwa "she" katika sentensi moja na "he" katika inayofuata. Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza, "Hukufanya kazi niliyowapa?" Mwanafunzi anajibu "Yes", kama ambavyo angejibu "Ndiyo" kwa Kiswahili, akimaanisha kwamba ni kweli hakuifanya. Mwalimu anasikia kuwa kazi ilifanywa. Daftari likifunguliwa likakutwa tupu, mtoto huadhibiwa kwa uongo ambao hakuusema.

Muongo mmoja baada ya Lado, Pit Corder (1967) aligeuza mtazamo huo. Kwake, kosa la mwanafunzi ni habari: linamwonyesha mwalimu kanuni ambayo mwanafunzi amejitungia kufikia hapo. Larry Selinker (1972) aliutambua mfumo huo wa kanuni kuwa lugha ya mpito yenye utaratibu wake, isiyo lugha ya kwanza wala lugha lengwa. Dulay na Burt (1974) walikwenda mbali zaidi. Walipochunguza watoto nchini Marekani, baadhi wakiwa wazungumzaji wa Kihispania na wengine wa Kichina, waliwakuta wakijifunza viambishi vya Kiingereza kwa mfuatano unaokaribiana, licha ya lugha zao kutofautiana sana. Anayesema "goed" badala ya "went" hajaathiriwa na Kikamba, kwani mtoto aliyezaliwa London naye husema vivyo hivyo kabla ya kukomaa. Amegundua kanuni na kuitumia kupita kiasi, sawasawa na anayejifunza Kiswahili ambaye, baada ya kuimudu "kitabu kizuri", husema "nyumba kizuri".

Je, Lado atupwe? La. Luk na Shirai (2009) walipitia tena ushahidi wa mfuatano huo na kuonyesha kwamba lugha ya kwanza ina mkono wake: wazungumzaji wa Kijapani, Kikorea na Kichina huchelewa kuzimudu "a" na "the" pamoja na alama ya wingi. Kiswahili hakina vipashio vya aina ya "a" na "the", kwa hiyo si ajabu vikimsumbua mwanafunzi wa Kenya hadi chuo kikuu. Jambo ambalo utafiti umelibadilisha ni kazi ya maarifa hayo. Mwalimu anayejua muundo wa Kiswahili hautumii kumshtaki mwanafunzi. Huutumia kuchagua cha kufundisha waziwazi na cha kuachia muda. Suala la jibu la "Yes" linaweza kumalizwa kwa dakika kumi na mwalimu anayejua kwamba Kiswahili kina mantiki yake katika kujibu swali kanushi. Asiyejua hilo atalirudia kosa hilo kwa kalamu nyekundu miaka minne.

Miaka mitano hadi saba

Matokeo yanayotajwa zaidi katika uwanja huu ni ya Jim Cummins, mtafiti ambaye kazi yake kubwa ameifanyia Toronto. Mwaka 1979 alipendekeza kutenganisha umilisi wa aina mbili: ule wa mazungumzo ya kila siku, unaosaidiwa na ishara, uso wa msemaji na mazingira, na ule wa kitaaluma, ambao humtaka mtoto aelewe na aeleze mambo yasiyo mbele ya macho yake. Mwaka 1981, akichambua takwimu za watoto wahamiaji wa Toronto, alionyesha kwamba umilisi wa kwanza hupatikana kwa takriban miaka miwili, ilhali wa pili huchukua kati ya miaka mitano na saba ndipo mtoto awafikie wenzake waliozaliwa katika lugha hiyo. Utafiti wa baadaye nchini England umefika karibu na hapo. Strand na Lindorff wa Chuo Kikuu cha Oxford (2020) walikuta kuwa mtoto anayeingia shule akiwa mgeni kabisa kwa Kiingereza kwa kawaida huhitaji zaidi ya miaka sita kufikia ufasaha.

Nadharia ya Cummins imekosolewa. Wapo waliodai kwamba umilisi wa kitaaluma ni jina jingine tu la uwezo wa kufanya mitihani ya shule. Aidha, baadhi ya kazi alizozitegemea, hasa za watoto Wafini nchini Uswidi (Skutnabb-Kangas na Toukomaa, 1976), ziliambatana na dhana ya mtoto asiye na lugha kamili, dhana iliyopingwa vikali na ambayo haifai kufufuliwa. Hata hivyo, msingi wa mgawanyo huo umesaidia walimu wengi kuacha kudhani kwamba mtoto anayepiga soga vizuri ataelewa kitabu cha sayansi.

Hapa ndipo msomaji wa Kenya anapopaswa kusimama. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiingereza kichukue nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeudumisha mgawanyo huo. Kwa hesabu ya Cummins, mtoto anayeanza somo la Kiingereza gredi ya kwanza hatarajiwi kukimudu kitaaluma kabla ya gredi ya sita, pengine hadi ya nane. Kiingereza kinakuwa lugha ya kufundishia akiwa gredi ya nne. Pengo ni la miaka miwili hadi minne, na ndani ya pengo hilo mtoto anatakiwa ajifunze mzunguko wa maji, sehemu za mmea na historia ya nchi yake.

Hesabu yenyewe huenda ina matumaini kupita kiasi. Mtoto wa Toronto alisikia Kiingereza dukani, katika basi, kwenye televisheni na uwanjani kwa watoto wenzake. Umilisi wa mazungumzo ulitangulia, ule wa kitaaluma ukajengwa juu yake. Kwa mtoto wa kijijini Kwale mpangilio umepinduka: hukutana na Kiingereza cha kitabu kabla hajakutana na Kiingereza cha mchezo. Anaweza kujua neno "photosynthesis" bila kujua namna ya kuomba chumvi mezani kwa lugha hiyo. Watafiti wa usomaji wamekuta dalili za hali hii nchini. Piper, Schroeder na Trudell (2016), waliowapima wanafunzi wa Kenya kwa lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza, wanaonyesha kwamba kuweza kutamka maneno ya Kiingereza ukurasani si sawa na kuyaelewa. Mzazi anayemsikiliza mtoto wake akisoma Kiingereza kwa sauti nyororo hana namna rahisi ya kujua kwamba maana haikufika.

Jopo la kitaifa lililokusanya utafiti kuhusu wanafunzi wa lugha za wachache nchini Marekani (August na Shanahan, 2006) lilifikia hitimisho la aina hiyo. Watoto wanaojifunza Kiingereza huweza kuwafikia wenzao katika kusoma maneno, lakini mara chache huwafikia katika kuelewa matini, kwa kuwa msamiati na lugha ya kusemwa havijakomaa. Ufundishaji wa herufi na sauti ni wa lazima na hautoshi.

Muhtasari unaofundishwa mara mbili

Cummins alikuwa na hoja nyingine, nayo ndiyo inayomhusu zaidi mwalimu wa Kiswahili. Alizifananisha lugha mbili za mtoto na vilele viwili vya siwa barafu moja: juu ya maji vinaonekana mbalimbali, chini ya maji ni kitu kimoja. Stadi ya kutambua wazo kuu, ya kufuata hoja, ya kutabiri kitakachofuata katika hadithi, au ya kutofautisha sababu na matokeo, haihitaji kujengwa upya kwa kila lugha.

Ushahidi wa Afrika kuhusu hoja hii ulianza kupatikana mapema. Mradi wa miaka sita wa Ife nchini Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa, ulifundisha darasa zima la msingi kwa Kiyoruba, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Wanafunzi hao walifanya vyema katika masomo yao, na Kiingereza chao hakikuwa duni kuliko cha wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza. Nchini Kenya, Cleghorn, Merritt na Abagi (1989) walichunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi na kukuta kwamba dhana muhimu zilifika kwa urahisi zaidi pale mwalimu alipojiruhusu kutumia lugha ya watoto pamoja na Kiingereza. Ubadilishaji msimbo, ambao mkaguzi angeuona kuwa udhaifu, ndio uliokuwa ukifanya kazi ya kufundisha.

Hebu uchukuliwe mfano wa sekondari ambao kila msomaji wa jarida hili anaufahamu. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ina swali la ufupisho. Mtihani wa Kiingereza nao humtaka mwanafunzi afupishe kifungu. Mwalimu wa Kiswahili hutumia wiki kadhaa akifundisha namna ya kutenga hoja kuu na mifano, kuepuka kunakili sentensi nzima, kuheshimu idadi ya maneno na kuunganisha hoja kwa mtiririko. Miezi miwili baadaye, katika darasa lilelile, mwalimu wa Kiingereza huanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kulisikia jambo hilo. Wanafunzi nao hawamwambii. Wameshazoea kwamba masomo ni vyumba vyenye kuta.

Kwa mtazamo wa Cummins, kazi kubwa ilikwisha kufanyika katika somo la kwanza. Lililobaki kwa mwalimu wa Kiingereza ni sehemu iliyo ya Kiingereza peke yake: viunganishi vyake, namna ya kubadilisha kauli, vitenzi vya kuripotia. Hilo linafanyika iwapo tu anajua kilichofundishwa. Uhamishaji wa stadi haujitokezi wenyewe kila mara. Cummins mwenyewe, katika maandishi yake ya baadaye, amewahimiza walimu wafundishe kwa ajili ya uhamishaji, yaani wamwonyeshe mwanafunzi waziwazi kwamba alichokifanya jana kwa lugha ile ndicho anachotakiwa kukifanya leo kwa lugha hii.

Si kila kitu huhama. Herufi za Kiswahili huaminika: mtoto akijua sauti ya "u", ameijua popote. Akiingia katika Kiingereza anakuta "put" na "but". Seymour, Aro na Erskine (2003) walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya katika mwanzo wa kusoma na kukuta kuwa wanaojifunza Kiingereza, ingawa ndiyo lugha yao ya kwanza, walikwenda polepole zaidi ya mara mbili kuliko wale wa lugha zenye tahajia thabiti. Basi mtoto anayejua kusoma Kiswahili huja na wazo muhimu kwamba herufi hubeba sauti, ila anahitaji kuonywa mapema kwamba Kiingereza hakitatimiza ahadi hiyo kila mara. Asipoonywa, hujidhania mjinga.

Kuitikia si kusema

Darasa la watoto sitini linaloitikia kwa pamoja ni jambo la kawaida Afrika Mashariki. Mwalimu anasema, "Water boils at one hundred degrees...", na darasa linamalizia "Celsius!" Keith Chick (1996), aliyechunguza somo la hisabati katika shule ya Wazulu nchini Afrika Kusini, aliyaita mazungumzo ya aina hii mazungumzo ya usalama. Kiitikio humwezesha mwalimu asiyejiamini katika Kiingereza na mwanafunzi asiyekielewa kulindiana heshima. Kila mmoja anaonekana amefanya kazi yake. Hakuna aliyeaibika. Hakuna aliyejifunza mengi.

Je, kusikia Kiingereza tu hakutoshi? Stephen Krashen alishikilia, katika vitabu vyake vya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba lugha hupatikana kwa kupokea ujumbe unaoeleweka. Merrill Swain (1985) alileta ushahidi wa kumtatiza. Wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi walikielewa karibu sawa na wazawa, ila walipozungumza na kuandika makosa ya kisarufi yalisalia. Swain alieleza kwamba walikuwa hawalazimiki kutoa lugha ya kutosha. Anayesikiliza anaweza kukisia maana kwa kutumia maneno machache, ilhali anayesema hana budi kuchagua kiambishi.

Lyster na Ranta (1997) waliingia katika madarasa hayohayo ya Kifaransa ili waone walimu wanavyosahihisha. Asilimia 55 ya masahihisho ilikuwa ya kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imerekebishwa, kwa upole, kisha somo likaendelea. Ni asilimia 31 tu ya masahihisho hayo iliyofuatwa na mwitiko wowote wa mwanafunzi kuhusu kosa lake. Mengine yalipita kama upepo, pengine mtoto akidhani mwalimu amekubaliana naye. Mwalimu alipomdokeza mwanafunzi na kumwachia nafasi ajirekebishe mwenyewe, mwitiko ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa mwalimu mwenye madaftari sitini ya insha mezani, jambo hili lina upande wake wa maandishi. John Truscott (1996) alidai kuwa kusahihisha sarufi katika insha ni kazi bure. Mjadala uliofuata haujamuunga mkono kikamilifu, kwani Bitchener (2008) alionyesha kwamba mrejesho uliolenga jambo moja tu, matumizi ya "a" na "the", uliwasaidia wanafunzi kwa kudumu. Ukurasa uliojaa wekundu kutoka juu hadi chini hauna ushahidi wa aina hiyo wa kuutetea.

Mfano bora zaidi wa kupanga somo unatoka kwa Pauline Gibbons (2002), aliyefanya kazi katika shule za Sydney zenye watoto wa wahamiaji. Katika somo la sumaku, watoto walianza kwa kujaribu vitu katika makundi. Lugha yao ilikuwa ya papo kwa papo, yenye "hiki" na "kile", kwa kuwa kila mmoja aliona kinachozungumzwa. Kisha waliwaeleza wenzao ambao hawakuona jaribio lao, na hapo "hiki" hakikufaa tena. Mwalimu aliwasaidia kupata maneno. Mwishowe waliandika. Kila hatua iliwasogeza mbali kidogo na vitu vilivyo mbele ya macho na karibu zaidi na lugha ya kitabu. Msaada wa mwalimu ulikuwa kama miti wanayoifunga waashi ukutani: hupandiwa, kisha hufunguliwa ukuta ukishasimama.

Somo hilo likihamishiwa Kitui, swali la lugha ya hatua ya kwanza haliepukiki. Watoto wakijadiliana kuhusu mvuke unaoganda chini ya mfuniko wa sufuria, watalifanya hilo kwa Kikamba au Kiswahili, la sivyo hawatajadiliana kabisa. Watafiti wa Bristol na wenzao walioko Dodoma walikubali ukweli huo walipoandaa vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza nchini Tanzania: matini fupi za Kiingereza, istilahi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi zinazowataka wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Maneno kama "oksijeni", "sayansi" na "hospitali", ambayo Kiswahili kilikwisha kuyakaribisha, nayo ni daraja la bure ambalo walimu hulitumia mara chache.

Kuhusu vitabu vya hadithi, utafiti wa Elley na Mangubhai (1983) haupaswi kupitwa. Katika shule za vijijini za Fiji, watoto wa madarasa ya nne na tano walipelekewa takriban vitabu 250 vya Kiingereza vyenye hadithi za kuvutia, wakasoma kimya au pamoja na mwalimu. Maendeleo yao ya kusoma yalikuwa karibu mara mbili ya kawaida. Fiji ya wakati huo inafanana na vijiji vya Kenya kuliko Toronto inavyofanana navyo, kwa kuwa Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani. Tena idadi ya maneno yanayotakiwa ni kubwa mno kufundishwa ubaoni. Paul Nation (2006) alikadiria kwamba msomaji anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili asome matini za kawaida za Kiingereza bila msaada, akijua maneno 98 kati ya kila 100.

Mipaka

Utafiti haufiki darasani ukiwa mtupu wa siasa. Nchini Tanzania, Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Miaka miwili baadaye Criper na Dodd (1984) walikuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Wakapendekeza Kiingereza kibaki, ila kiimarishwe. Mradi wa kukiimarisha uliofuata ulifadhiliwa na Uingereza. Takwimu zao hazina kasoro kubwa. Pendekezo lao ndilo lisilotokana na takwimu hizo. Mwanafunzi wa elimu hana budi kujifunza kusoma sehemu hizo mbili za ripoti kwa macho tofauti.

Lipo pia jambo ambalo shule limeliamini bila utafiti wowote. Kile kipande cha mti au bati kinachovishwa shingoni mwa mtoto aliyekutwa akizungumza lugha ya kwao, ambacho Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza mwaka 1986 kama sehemu ya utoto wake chini ya ukoloni, kilisalia katika shule nyingi baada ya uhuru. Katika baadhi yake Kiswahili kilihesabiwa miongoni mwa makosa isipokuwa siku moja au mbili za wiki. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya uliorejelewa hapa unaoonyesha kuwa mtoto hujifunza Kiingereza kwa kunyamazishwa katika lugha anayoijua. Swain aliona kwamba lugha hukua kwa kusemwa, na kwa mtoto ambaye Kiingereza chake hakijatosha kusemea, matokeo ya kipande kile ni ukimya.

Kinachokosekana ni ushahidi wa hapa wa jambo dogo linaloweza kupimwa. Katika shule moja ya sekondari yenye mikondo miwili, mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza wanaweza kuupanga ufupisho pamoja kwa muhula mmoja katika mkondo wa kwanza, wakitumia istilahi zinazolingana na kurejelea kazi za kila mmoja, huku mkondo wa pili ukifundishwa kama kawaida. Majibu ya wanafunzi kwa lugha zote mbili yakusanywe kabla na baada, na yasahihishwe na mtu asiyejua yametoka mkondo gani. Tasnifu ya aina hiyo ingehitaji wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila jengo.